Dondoo kama Shahidi: Udondoaji wa Fasihi ya Kiingereza ya Karne ya 16 na ya 17 katika Kamusi za Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiingereza ya karne ya 16 na ya 17 inavyodondolewa katika kamusi za kihistoria, hasa baada ya kamusi hizo kuingia kwenye intaneti. Hoja inayotetewa ni kwamba dondoo ni shahidi wa kitabu fulani kilichochapwa mwaka fulani, wala si shahidi wa mwandishi kwa ujumla wake. Na kwamba kamusi ya mtandaoni, ambayo haibanwi tena na uhaba wa kurasa, haina udhuru wa kumficha msomaji ni kitabu kipi kilichosomwa.

1.0 Utangulizi

Kamusi ya kihistoria hutofautiana na kamusi ya kawaida katika jambo moja la msingi. Haiombi kuaminiwa kwa sababu ya cheo cha watunzi wake, bali huweka ushahidi mbele ya msomaji na kumwachia ahukumu mwenyewe. Chini ya kila kidahizo hufuata maana, na chini ya kila maana hufuata madondoo yaliyopangwa kwa miaka, la kwanza likiwa ndilo kongwe kuliko yote yaliyopatikana. Dondoo likiwa na kasoro, maana iliyojengwa juu yake nayo hutetereka.

Mfano mkubwa wa kamusi ya aina hiyo ni Oxford English Dictionary, ambayo katika makala haya itaitwa OED. Chimbuko lake ni mihadhara ya Richard Chenevix Trench mbele ya Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857, alipolalamikia upungufu wa kamusi za Kiingereza zilizokuwapo. James Murray alichukua uhariri mwaka 1879, akatoa wito kwa wasomaji wa kujitolea wapekue vitabu na kunakili matumizi ya maneno katika vikaratasi: neno, mwaka, mwandishi, jina la kitabu, ukurasa, kisha sentensi yenyewe. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ikiwa na madondoo yapatayo 1,800,000. Toleo la pili, la juzuu 20, lilitoka mwaka 1989. Likawekwa katika sidii mwaka 1992, na mwezi Machi 2000 likaingia kwenye intaneti. Tangu hapo kazi ya kusahihisha kamusi nzima imekuwa ikiendelea, na matokeo yake huongezwa hatua kwa hatua.

Kipindi cha tangu mwaka 1500 hadi 1700 kina nafasi ya pekee katika kazi hiyo. Ndicho kipindi ambacho uchapaji ulienea Uingereza, maneno ya Kilatini na Kifaransa yakamiminika, na tahajia ikawa bado haijatulia. Vilevile ndicho kipindi cha Shakespeare, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

2.0 Shakespeare na majirani zake

Katika toleo la pili la OED, Shakespeare pekee ana madondoo yapatayo 33,000. Kutokana na wingi huo imezuka imani, inayorudiwa katika vitabu vya shule na hata katika maandishi ya wataalamu, kwamba mtunzi huyo alibuni maneno kama 1,700 ya Kiingereza. Imani hiyo ina mantiki yake: kama dondoo kongwe la neno ni la Shakespeare, basi Shakespeare ndiye mwasisi. Kosa la mantiki hiyo ni kuchukua rekodi ya usomaji kuwa ni rekodi ya lugha.

Jürgen Schäfer, katika uchunguzi wake wa mwaka 1980, alimlinganisha Shakespeare na Thomas Nashe, mwandishi wa wakati huohuo ambaye nathari yake imejaa maneno mapya. Alionyesha kwamba wasomaji wa OED walimpekua Shakespeare kwa makini kuliko walivyompekua Nashe. Maneno mengi ambayo Nashe aliyatumia mapema yaliachwa, na sifa ikaenda kwa wengine.

Sababu si ngumu kuitambua. Kabla ya Murray kuanza kazi, Mary Cowden Clarke alikuwa amekwisha kutoa faharasa ya maneno yote ya tamthilia za Shakespeare katika miaka ya 1844 na 1845, na Alexander Schmidt alitoa leksikoni yake ya maneno ya Shakespeare mwaka 1874 na 1875. Mhariri aliyetaka kujua kama Shakespeare alitumia neno fulani alifungua kitabu kimoja akapata jibu. Kwa Nashe alitegemea jicho la mtu mmoja wa kujitolea, aliyesoma jioni baada ya kazi zake, na ambaye hakika asingeweza kunakili kila neno. Maskini Nashe hakushindwa na Shakespeare kwa ubunifu wa maneno. Alishindwa kwa kukosa faharasa.

Tangu maandishi ya kipindi hicho yaanze kutafutika kwa kompyuta, picha hii imezidi kubadilika. Mwaka 2011 Hugh Craig alionyesha kwa hesabu kwamba msamiati wa Shakespeare, ukilinganishwa na wa watunzi wenzake kwa kazi zenye urefu uleule, ni wa wastani. Mwaka 2016 David McInnis wa Chuo Kikuu cha Melbourne alitoa mfano wa msemo "wild goose chase", ambao aghalabu huhesabiwa kuwa zao la tamthilia ya Romeo and Juliet, iliyochapwa kwanza mwaka 1597. Gervase Markham alikuwa ameutumia mara kadhaa katika kitabu chake cha mwaka 1593 kuhusu farasi. Hapo msemo huo si sitiari. Ni jina la shindano ambalo mpanda farasi wa nyuma hulazimika kufuata kila upande anakopita wa mbele, kama mabata bukini wafuatavyo kiongozi wao angani. Kwa hiyo dondoo la Markham halirudishi nyuma tarehe tu. Linaeleza maana ilivyozaliwa, na linamwonyesha Shakespeare akichukua istilahi ya watu wa farasi, ambayo bila shaka watazamaji wake waliifahamu, na kuifanyia mzaha.

Inafaa kuongeza kwamba kumpokonya Shakespeare maneno hayo si kumshusha. Mtunzi aliyeyachukua maneno ya mitaani akayapa uhai jukwaani anastahili sifa yake. Ila sifa hiyo ni ya mhakiki wa fasihi kuitoa, na haipatikani kwa kuhesabu madondoo ya kwanza ya kamusi.

3.0 Mwaka wa kutungwa na mwaka wa kuchapwa

Suala la pili ni tarehe. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Tamthilia zake zilizokusanywa katika Folio ya Kwanza ya mwaka 1623 ni 36, na takriban nusu yake hazikuwa zimechapwa kabla ya hapo. Macbeth ni mojawapo. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ilitungwa karibu na mwaka 1606, lakini hakuna kitabu cha Macbeth kilicho kikongwe kuliko Folio. Je, dondoo kutoka Macbeth liandikwe mwaka gani?

Toleo la kwanza na la pili la OED lilifuata makadirio ya utunzi: Macbeth ilipewa mwaka 1605. Wahariri wa toleo la tatu wameamua vingine. Dondoo hilohilo sasa huandikwa kuwa la kabla ya 1616, yaani kabla ya kifo cha mtunzi, kisha mwaka 1623 hutajwa kama mwaka wa kitabu. Uamuzi huo ni wa tahadhari na una sababu nzuri. Makadirio ya utunzi hubadilika kila kizazi cha wataalamu, lakini mwaka wa kifo na mwaka wa kitabu haubadiliki.

Hata hivyo uamuzi huo una gharama. Tuseme neno fulani linapatikana katika Macbeth na pia katika kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ya Randle Cotgrave ya mwaka 1611. Kwa utaratibu wa zamani Shakespeare hutangulia. Kwa utaratibu mpya hufuata. Lugha haijabadilika, wala hakuna kitabu kipya kilichogunduliwa. Kilichobadilika ni kanuni ya mhariri. Tena, kwa kuwa masahihisho hayajafikia vitomeo vyote, kamusi ya mtandaoni huweza kumwonyesha msomaji Macbeth ya mwaka 1605 katika kitomeo kimoja na Macbeth ya kabla ya 1616 katika kingine. Charlotte Brewer, ambaye ameichunguza OED kwa miaka mingi, amesisitiza hatari ya kuhesabu madondoo katika kamusi ambamo vitomeo vya karne ya 19 vimechanganywa na vya karne ya 21. Mwanafunzi anayetafuta maneno yote yenye dondoo la kwanza la mwaka 1605, kwa nia ya kupima ubunifu wa mwaka huo, atakuwa anapima kwa kiasi fulani kasi ya kazi ya ofisi moja.

Katika jambo hili kamusi ya Wiktionary, iliyoanzishwa Desemba 2002 na inayoandikwa na watu wa kujitolea kama wale wa Murray, imepata suluhisho bora zaidi, ingawa kwa ujumla haina nidhamu ya OED. Madondoo yake ya Folio, pale yanapoandikwa ipasavyo, hutaja kwanza mwaka wa kutungwa kwa kukadiria, halafu mchapaji, mwaka 1623, ukurasa na hata safu ya ukurasa. Miaka yote miwili inaonekana, na msomaji anajua upi ni makadirio na upi ni ukweli wa kitabu. Murray asingeweza kufanya hivyo: kila herufi aliyoiongeza ililipiwa, na wachapishaji wake walimlalamikia daima kuhusu urefu. Katika kamusi ya mtandaoni sababu hiyo imekwisha.

4.0 Matini ipi?

Hata mwaka ukikubaliwa, bado kuna swali gumu zaidi: ni maneno ya nani yanayodondolewa? Mfano wa Hamlet unatosha kulionyesha. Tamthilia hiyo ilichapwa katika kijitabu cha kwarto mwaka 1603, kisha katika kwarto ya pili ambayo nakala zake nyingine zina mwaka 1604 na nyingine 1605, kisha katika Folio ya 1623. Mwanzoni mwa usemi wa kwanza wa peke yake, mwana wa mfalme anautaja mwili wake. Kwarto zote mbili zinasema mwili huo ni "sallied". Folio inasema ni "solid". Wahariri wengi wa karne ya 20, hasa baada ya John Dover Wilson kuitetea rai hiyo, wamechapa "sullied", yaani uliochafuliwa, kwa hoja kwamba hilo ndilo lililokusudiwa na kwarto.

Kwa mhakiki, hayo ni mambo matatu ya kupimwa. Kwa mtunzi wa kamusi ni vidahizo vitatu tofauti. Akidondoa "solid", shahidi wake ni wa mwaka 1623, si wa 1603. Akidondoa "sallied", hana budi kuamua kama hiyo ni tahajia tu ya neno lingine. Akidondoa "sullied" kutoka toleo la kisasa, amemwita mahakamani mhariri wa karne ya 20 atoe ushahidi juu ya Kiingereza cha mwaka 1600. Neno hilo halimo katika chapa yoyote kati ya hizo tatu.

Kosa la aina hiyo lina historia ndefu. Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ya mwaka 1755 ilikuwa ya kwanza kwa Kiingereza kujengwa juu ya madondoo kwa upana huo, alimdondoa Shakespeare kutoka toleo la William Warburton la mwaka 1747. Nakala aliyoitia alama kwa ajili ya kazi hiyo ipo hadi leo. Kwa hiyo Shakespeare wa Johnson ni Shakespeare aliyekwisha kurekebishwa na mhariri wa karne ya 18. Johnson alikiri pia katika dibaji yake kwamba alilazimika kuyakata madondoo, na kwamba huenda maana ya asili imepotoka katika kukatwa huko. Kamusi yake sasa inapatikana kwenye intaneti na inatafutika kwa urahisi. Urahisi huo humshawishi mtu kunakili dondoo kutoka Johnson bila kurudi kwenye kitabu alichokidondoa, na kosa la mwaka 1747 huingia karne ya 21 likiwa limevaa mwaka 1600.

Kuna hata maneno ambayo hayakuwapo kamwe. Walter Skeat, alipolihutubia Chama cha Filolojia mwaka 1886, aliyaita maneno-mizuka. Maarufu ni "abacot", lililosemwa kuwa aina ya taji la wafalme. Asili yake ni "bycoket", aina ya kofia. Wapanga herufi na waandishi wa tarikh wa karne ya 16 waliliharibu hatua kwa hatua, mmoja akinakili kosa la mwingine, hadi likaingia katika kamusi kama neno halali lenye maana yake. Murray alilikataa. Kwa upande mwingine, katika Measure for Measure neno "prenzie" limo mara mbili, karibu karibu, na hakuna aliyethibitisha maana yake. Wengine wanadhani ni kosa la mpanga herufi, lakini wanatofautiana kuhusu neno lililokusudiwa. Kamusi ikilipokea, huenda inapokea mzuka. Ikilikataa, huenda inalitupa neno la kweli. Lililo la haki ni kuliweka kama lilivyo katika Folio na kusema wazi kwamba ushahidi wote ni wa kitabu hicho kimoja.

Na hata Folio yenyewe si shahidi mmoja. Charlton Hinman, katika kazi yake ya mwaka 1963, alilinganisha makumi ya nakala zilizomo katika Maktaba ya Folger huko Washington, akaonyesha kwamba masahihisho yalifanywa wakati uchapaji ukiendelea, na kurasa zilizosahihishwa zikajalidiwa pamoja na zisizosahihishwa. Nakala mbili za mwaka 1623 zinaweza kutofautiana. Jambo hili kwa kawaida halibadilishi maana ya neno, lakini ni sababu tosha ya kutaja nakala iliyosomwa pale tahajia yenyewe inapokuwa ndiyo hoja.

5.0 Vitabu ndani ya kioo

Anayedondoa leo mara nyingi hagusi kitabu. Orodha ya Pollard na Redgrave ya mwaka 1926, iliyosajili vitabu vya Kiingereza vya mwaka 1475 hadi 1640, iliwezesha kampuni ya University Microfilms ya Ann Arbor, iliyoanzishwa mwaka 1938, kuvipiga picha. Picha hizo ndizo msingi wa Early English Books Online, hazina iliyofunguliwa mwaka 1998 na yenye vitabu zaidi ya 125,000. Mradi mwingine uliandika upya matini za sehemu ya vitabu hivyo ili maneno yake yatafutike. Zipatazo 25,000 ziliachiwa watu wote tarehe 1 Januari 2015, na nyingine nyingi mwaka 2020.

Faida yake haina kifani. Lakini matini iliyoandikwa upya si kitabu. Mahali ambapo picha haikusomeka, mwandishi aliweka alama badala ya herufi, na neno lenye alama hiyo halipatikani katika utafutaji. Kwa kawaida ni chapa moja tu ya kila kazi iliyoandikwa. Aidha, herufi u na v, i na j, zilibadilishana nafasi kwa kanuni za wakati ule, na tahajia ya neno moja ilikuwa na sura nyingi. Anayetafuta kwa tahajia ya leo hukosa kilichopo, kisha akatangaza kwamba hakipo. Tena hazina hiyo ni ya vitabu vilivyochapwa. Barua, hesabu za nyumbani na maandishi ya wanawake, ambayo mengi yalibaki katika mikono ya jamaa, hayamo. Kwa hiyo dondoo la kwanza lililochapwa lisidhaniwe kuwa ndilo tumizi la kwanza.

Yatokanayo na hayo kwa mtunzi wa kamusi ni mepesi kuyataja, ingawa ni ya kuchosha kuyatimiza. Dondoo lihakikiwe katika picha ya ukurasa, si katika matini iliyoandikwa upya pekee. Tahajia ya asili ihifadhiwe. Marejeo yataje ukurasa wa chapa iliyosomwa pamoja na tendo na onyesho, maana hesabu ya mistari hutofautiana kati ya toleo na toleo, hasa mahali pa nathari. Kwa vizazi kadhaa mistari ilihesabiwa kwa toleo la Globe la mwaka 1864, na wengi wanaoendelea kuzinukuu namba hizo hawajui zilikotoka. Na kwa kuwa kitomeo cha mtandaoni hubadilika, mtafiti anayekitaja naye aandike mwezi na mwaka alioona hali hiyo.

6.0 Quiloa

Yupo shahidi mmoja wa kipindi hiki anayeihusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost, anampandisha Adamu juu ya kilele na kumwonyesha falme za dunia, na miongoni mwake mna Mombaza, Quiloa, Melind na Sofala. Mtafiti wa majina ya mahali atakayetafuta Kilwa au Malindi hatapata kitu, kwa sababu majina hayo yamefuata tahajia za Kireno. Atakayepata Quiloa atakuta matoleo ya kawaida yakimwelekeza kwenye Kitabu cha 11. Maelekezo hayo ni sahihi kwa toleo la mwaka 1674, lenye vitabu 12. Lakini katika chapa ya kwanza ya mwaka 1667 utenzi huo ulikuwa na vitabu 10, na mahali hapo pamo katika Kitabu cha 10. Milton alikuja kukigawa kitabu hicho na cha 7 baadaye. Dondoo linaloandikwa "1667, Kitabu cha 11" linataja kitabu ambacho hakijapata kuwapo, nalo si vigumu kulikuta.

Suala hilohilo linazikabili tenzi za Kiswahili zenyewe. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, lakini wengi huisoma katika kitabu cha Stigand cha mwaka 1915, ambamo kazi ya W. E. Taylor ilitolewa, au katika matoleo ya Hichens ya mwaka 1939 na ya Allen ya mwaka 1977. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1981, hutoa mifano ya matumizi bila kuitaja asili yake, na kwa madhumuni yake hilo linatosha. Kamusi ya kihistoria ya Kiswahili, siku itakapoandikwa, haitaweza kufanya hivyo. Hati za Kiarabu ambazo hazikuongezewa alama maalumu hazitofautishi e na i, wala o na u, na mara nyingi wala b na p. Kila irabu ya aina hiyo katika tenzi zilizochapwa kwa herufi za Kirumi ni uamuzi wa mhariri, na pale ambapo uamuzi huo ndio unaolitenganisha neno moja na lingine, mwaka wa dondoo ni mwaka wa mhariri hadi hati yenyewe ionyeshwe.